Google au Facebook: jinsi ya kugawa hela ya matangazo bila kulipia mteja yuleyule mara mbili

Kabla hujaweka hela kwenye tangazo lolote, fungua karatasi ya Excel au hata daftari, andika wiki iliyopita umeuza mara ngapi. Mauzo yaliyoingia kabisa, achana na klik na laiki na idadi ya waliokuona. Hiyo namba ndo itakayokulinda, kwasababu injini za utafutaji na mitandao ya kijamii wanagombania bajeti yako kila siku na kila upande una ripoti yake nzuri yenye rangi inayosema mimi ndo niliyekuletea wateja, na kama hujui umeuza ngapi utaziamini zote mbili.

Swali ninaloulizwa zaidi ni "kati ya Google na Facebook ipi bora", na majibu watu wanayopeana ni ya ushabiki kama wa timu za mpira. Lakini hawa wawili hawauzi kitu kimoja. Chukua mfano wa mtu anayeuza viti vya ofisini, vile vya kusaidia mgongo. Google anamuuzia swali: kuna mtu saa hizi kakaa vibaya, mgongo unamuuma, kaandika "kiti cha ofisi kwa wenye maumivu ya mgongo", yani haja ipo tayari, anatafuta tu wa kumuuzia. Facebook, Instagram na TikTok wanamuuzia muda wa mtu ambaye hakuja kununua chochote, kaja kuangalia picha za ndugu zake na video za kuchekesha, na wewe unapita mbele yake na kiti chako. Wa kwanza ni kama mtu aliyekuja mwenyewe kubisha hodi, wa pili umemsimamisha njiani. Anayebisha hodi anauzika kirahisi ila wako wachache na washindani wako wote wanamsubiri hapohapo mlangoni. Wa njiani hawaishi, ila lazima umpe sababu ya kusimama.

Historia nitaipitisha haraka maana inasaidia kuelewa kwanini mifumo iko hivi. Biashara ya kuuza maneno ya utafutaji kwa mnada, ulipe pale tu mtu akiklik, ilianza na GoTo.com mwaka 1998. Google ikaleta AdWords (mfumo wake wa matangazo, siku hizi unaitwa Google Ads) Oktoba 2000, na 2002 ikaingia kwenye mnada wa klik ila ikaongeza kitu, kwamba dau peke yake halikupandishi juu, wanaangalia pia tangazo lako watu wanaliklik kiasi gani. Facebook ikazindua mfumo wake wa matangazo Novemba 2007 na Machi 2008 ikamchukua Sheryl Sandberg, ambaye huko Google ndo alikuwa anaongoza mauzo ya matangazo ya mtandaoni. Toka hapo kila mmoja amejaribu kuingia uwanja wa mwenzake. Google ilifungua mtandao wake wa kijamii, Google+, mwaka 2011, ikaifunga kwa watumiaji wa kawaida Aprili 2019. Facebook ilileta Graph Search, utafutaji wake wa ndani, mwaka 2013 na haikufika mbali. Ambapo Google ilifanikiwa ni YouTube, waliyoinunua 2006 kwa dola bilioni 1.65, kwasababu kule inauza macho ya watu kama mitandao mingine inavyouza. Kwa mwaka 2023 pekee matangazo yaliiingizia Google karibu dola bilioni 238 na Meta (kampuni yenye Facebook na Instagram) karibu bilioni 132, na sehemu kubwa ya hela hiyo imepitia kwenye minada midogomidogo kama hii unayotaka kuingia wewe.

Angalia kwanza kama kitu chako kinatafutwa

Hapa watu wengi wanaruka na ndo wanapoteza hela. Ukifungua akaunti ya Google Ads kuna kifaa cha bure kinaitwa Keyword Planner, unaandika maneno yanayohusu bidhaa yako kinakuonyesha kwa makadirio watu wangapi wanayatafuta kwa mwezi kwenye eneo unalotaka. Pia anza tu kuandika kwenye Google yenyewe uone inakumalizia vipi sentensi, yale ni maneno ya watu halisi. Kama watu wanalijua tatizo lao na wanaliandika, anza na utafutaji. Kama umetengeneza kitu kipya ambacho hakuna mtu anajua kama kipo, hata ukipandisha dau mpaka mbinguni hakuna atakayekiandika kwenye Google, maana injini ya utafutaji haiwezi kutengeneza swali ambalo halijaulizwa, kwa hiyo wewe nenda kwenye mitandao ukawaonyeshe kwanza.

Upande wa utafutaji

Mnada unaendeshwa kila mtu anapotafuta, sio mara moja kwa siku. Nafasi yako, kwa hesabu iliyorahisishwa, ni dau lako mara ubora wa tangazo. Tuseme wewe umeweka dau 2 na ubora wako ni 8, unapata 16. Mwenzako kaweka dau 3 ila ubora wake 4, anapata 12, kwa hiyo unamkalia juu wakati dau lako ni dogo kuliko lake. Hesabu yenyewe ina vitu vingi zaidi ya hapo, lakini hii inatosha kukuonyesha kwanini ukurasa unaofunguka haraka na unaojibu kilekile alichoandika mtu ni hela mfukoni. Mtu kaandika kiti cha mgongo, ukimpeleka kwenye ukurasa wa mwanzo wenye meza na kabati na taa, umeshampoteza na umelipia.

Ukitengeneza kampeni ya utafutaji kuna visanduku viwili huwa vinakuja vimeshatikiwa, kimoja cha kuonyesha tangazo kwenye tovuti washirika wa utafutaji na kingine cha mtandao wa matangazo ya picha. Vitoe vyote kwa kuanzia. Ukiviacha, hela uliyodhani inaenda kwa waliobisha hodi inatawanyika kwenye tovuti na aplikesheni ambazo mtu kagusa tangazo lako kwa bahati mbaya akitafuta alama ya kufunga. Kuna na mpangilio wa eneo, wenyewe wanakuwekea watu waliopo eneo lako pamoja na wale "wanaoonyesha nia" nalo, badilisha ubaki na waliopo tu, la sivyo unalipia klik za mtu aliye nchi nyingine aliyekuwa anasoma habari za mji wako.

Alafu kila wiki, kila wiki kabisa, fungua ripoti ya maneno waliyoyaandika watu. Usichanganye na maneno uliyochagua wewe, hii ni orodha nyingine na ndo yenye ukweli. Siku ya kwanza utakuta umechagua "kiti cha ofisi" na umelipia "picha za kiti cha ofisi", "jinsi ya kutengeneza kiti cha ofisi kilichovunjika", "kazi ya ofisi" na "kiti cha ofisi bure". Hayo yote yaweke kwenye orodha ya maneno usiyoyataka. Ni kazi ya nusu saa, inachosha, na mimi naona ndo nusu saa yenye faida kuliko zote kwenye utangazaji wa mtandaoni, kuliko hata kubadilisha dau.

Upande wa mitandao

Huku nako kuna mnada ila unapimwa tofauti. Meta wanachukua dau lako, wanazidisha na uwezekano kwamba mtu huyu atafanya kile ulichoomba, wanaongeza na ubora wa tangazo. Zingatia hilo neno, kile ulichoomba. Ukichagua lengo la watu kulaiki na kukomenti, mashine itakutafutia watu wanaopenda kulaiki na kukomenti, na itawapata kweli, na hawatanunua, na hakuna aliyekudanganya, umepewa ulichoagiza. Kitufe cha kubusti posti ni cha haraka lakini mara nyingi ndo kinakupeleka huko. Kama unauza, ingia kwenye Ads Manager (sehemu ya Meta ya kusimamia matangazo), chagua mauzo, funga pikseli yao, yani kipande kidogo cha kodi, kwenye tovuti yako ili mashine ijue nani kanunua.

Usigawe bajeti ndogo kwenye makundi 10 ya walengwa. Mfumo wa Meta unahitaji kama matukio 50 ndani ya wiki kwa kila kundi ili utoke kwenye kipindi cha kujifunza, kwa hiyo ukikatakata kila kundi linabaki linajifunza milele. Kundi moja au mawili, video 3 au 4 tofauti kabisa, na usiziguseguse kila asubuhi. Siku hizi tangazo lenyewe ndo linachagua mtu: video inayoanza na mkono umeshika kiuno mtu akiinuka kwenye kiti kwa shida itamsimamisha mwenye maumivu ya mgongo, mwingine atapita, na mashine inajifunza kutokana na aliyesimama. Video inayoanza na nembo yako ikizunguka sekunde 5 haimsimamishi mtu yeyote.

Lazima pia ujue kilichotokea Aprili 2021, kwasababu ndo kilibadilisha nguvu kati ya pande hizi mbili. Apple ilianza kulazimisha kila aplikesheni kwenye iPhone iombe ruhusa kabla ya kumfuatilia mtu kwenye aplikesheni na tovuti za wengine. Wengi wakakataa. Meta ikawa haioni vizuri nani kanunua baada ya kuona tangazo, na Februari 2022 wenyewe walisema mabadiliko yale yatawagharimu kama dola bilioni 10 kwa mwaka ule. Google kwenye utafutaji haikuumia kiasi hicho, na sababu yake ni rahisi, mtu akishaandika "nataka kununua kiti" huna haja ya kumfuatilia popote, kashakuambia. Ila na hiyo nafasi ya kuulizwa haikuja bure: mahakamani Marekani ilijulikana kwamba mwaka 2022 Google iliilipa Apple dola bilioni 20 ili iwe injini inayokuja yenyewe kwenye Safari, kivinjari cha Apple, na Agosti 2024 jaji Amit Mehta akaamua kwamba Google imelinda ukiritimba wake wa utafutaji kinyume cha sheria. Nasema haya kwasababu watu wanadhani wanachagua kati ya programu mbili, kumbe wameingia katikati ya ugomvi mkubwa sana wa nani anamwona mteja.

Sasa kuhesabu, hapa kaa chini tulia

Mfuate mnunuzi mmoja tu. Jumanne saa 4 usiku dada mmoja amelala anaskroli Instagram, anakutana na video ya kiti chako, anaangalia mpaka mwisho, haklik, anazima simu analala. Jumatano mchana yuko kazini, mgongo umeanza, anakumbuka ile video. Anafungua Google anaandika jina la kiti chako. Matokeo ya kwanza juu kabisa ni tangazo lako mwenyewe, analiklik, ananunua.

Umeuza kiti kimoja. Fungua ripoti ya Google: mauzo 1, wameklik tangazo, na kwa mpangilio wa kawaida wanahesabu mauzo hadi siku 30 baada ya klik. Fungua ripoti ya Meta: mauzo 1, kwasababu kwa kawaida wao wanahesabu hadi siku 7 baada ya klik na siku 1 baada ya kuona tu, na yule dada aliona jana usiku. Hakuna aliyedanganya. Kila mmoja anahesabu kwa kanuni zake na hakuna anayeiona kazi ya mwenzake. Zidisha hilo kwa mwezi mzima, una mauzo 40 kwenye daftari lako, Google anasema kaleta 29, Meta anasema kaleta 24, jumla 53. Hayo 13 ya ziada hayapo popote duniani, na hata ndani ya yale 40 kuna watu ambao wangekuja bila tangazo lolote.

Na ukiangalia vizuri utaona nani kafanya nini. Instagram ilipanda, Google ikavuna. Ukisoma ripoti ya Google peke yake utasema mitandao haina maana, unaikata, na wiki ya kwanza mauzo hayashuki, unajisifu, wiki ya 4 au ya 5 watu wanaoandika jina lako wanaanza kupungua na hujui kwanini. Nimeliona hili zaidi ya mara moja na linaniuma kila nikiliona, kwasababu mwenye biashara anakuwa kafanya uamuzi kwa namba, kwa nia nzuri kabisa, ila namba zilikuwa za mtu anayemuuzia.

Kwa hiyo fanya hivi. Weka alama za UTM (maneno mafupi yanayoongezwa mwisho wa linki) kwenye kila linki ya tangazo ili Google Analytics, kifaa cha kupima wanaotembelea tovuti yako, ijue klik imetoka wapi, japo hiyo haitamkamata yule dada maana hakuklik Instagram. Ndo maana mteja akishalipa muulize swali moja, "ulitusikia wapi mara ya kwanza", na umpe nafasi ya kuandika mwenyewe, usimpe orodha ya kuchagua. Majibu ni machafuko kidogo lakini yatakuonyesha vitu ambavyo dashibodi haivioni. Kwenye ripoti ya Meta badilisha upimaji uangalie walioklik tu, pembeni ya ile ya kawaida, uone tofauti ni kubwa kiasi gani. Na mwisho wa wiki gawa mauzo yote kwa hela yote ya matangazo ya pande zote kwa pamoja. Hiyo ndo namba isiyoweza kuhesabiwa mara mbili.

Kipimo kikali zaidi ni kuzima. Gawa maeneo unayouza mafungu mawili yanayofanana kwa mauzo, fungu moja zima matangazo ya mtandao wa kijamii wiki 3 au 4, lingine acha kama kawaida, usibadilishe kitu kingine chochote, alafu linganisha mauzo ya jumla na pia idadi ya watu wanaoandika jina lako kwenye Google (Search Console, kifaa cha Google cha wenye tovuti, inakuonyesha bure). eBay walifanya kitu cha namna hii kwa upande wa utafutaji, walizima matangazo kwenye jina lao wenyewe na wakakuta karibu watu wote waliokuwa wanaklik tangazo walikuja tu kupitia matokeo ya kawaida yasiyolipiwa. Utafiti wao ulichapishwa 2015. Lakini usikimbilie kuiga: eBay inajulikana na kila mtu, wewe labda kuna mshindani analipia jina lako, ukizima anakaa yeye juu. Litafute jina lako kwenye dirisha la siri la kivinjari (incognito) uone nani yupo. Kama hakuna mtu, jaribu kuzima wiki 2. Kama yupo, baki hapo na bajeti ndogo.

Kuwa makini na kampeni za kujiendesha zenyewe, Performance Max ya Google na Advantage+ ya Meta. Zinafanya kazi, sizikatai, ila Performance Max inaweza kuchukua wale watu waliokuwa wanatafuta jina lako tayari ikawahesabu kama ushindi wake. Kuna mpangilio wa kuondoa jina la biashara yako mle, uwashe kabla hujasifia matokeo.

Kugawa hela

Mimi naanza hivi kwa kitu kinachotafutwa: kwenye kila sehemu 10 za bajeti, 7 kwenye utafutaji wa maneno ya kununua kabisa, 3 kwenye mitandao. Alafu naangalia kwenye Google Ads kile kipimo cha asilimia ya mara nilizoonekana kati ya zile ambazo ningeweza kuonekana. Ikishapanda sana kwenye maneno bora, kuongeza hela huko ni kupandisha dau tu kwa watu walewale, kwa hiyo kila kinachoongezeka nakipeleka kwenye mitandao. Kwa kitu kipya kisichotafutwa geuza, 8 kwa 2, na hizo 2 ziwe za kulinda jina lako litakapoanza kuandikwa.

Mipaka yenyewe inazidi kufifia, TikTok tangu 2023 inauza nafasi kwenye matokeo ya utafutaji wake, na YouTube inaweka matangazo kwenye Shorts, zile video zake fupi. Usiangalie jina la kampuni basi, angalia huyo mtu wakati anakuona alikuwa anauliza au alikuwa anapita.

Kuangalia washindani ni bure pia: Meta wana Ad Library na Google wana Ads Transparency Center, andika jina la mshindani uone matangazo yake yanayoendelea. Linalorushwa miezi mingi mfululizo huenda linamlipa, lisome sentensi kwa sentensi.

Kwenye ile karatasi uliyoanza nayo sasa ongeza safu: hela ya utafutaji, hela ya mitandao, mauzo waliyodai Google, mauzo waliyodai Meta, mauzo halisi, na watu walioandika jina lako. Jaza kila Jumatatu, na usiguse mgawanyo mpaka uwe na Jumatatu 6.